Mwongozo kamili: jinsi ya kujua kama maumivu yako sugu yanafuata hedhi

Wanawake wenye lupasi (ugonjwa wa kingamwili, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi, kipandauso au seli mundu hunieleza jambo lile lile: siku zao zikikaribia, mwili mzima huharibika. Lakini daktari akiwauliza ni siku zipi hasa, na maumivu huwaje wiki nyingine, jibu hukosekana. Wengi wamejaribu kuandika wakakwama. Ukifungua daftari lao unakuta kurasa tatu zilizojaa vilio, halafu karatasi tupu.

Kosa huwa moja kati ya mawili. La kwanza ni kuandika siku mbaya peke yake. Siku mbaya bila siku nzuri haimwambii daktari chochote, kwa sababu hana cha kulinganisha. La pili ni kuchanganya maumivu na ugonjwa. Homoni za hedhi zinaweza kupandisha maumivu huku ugonjwa wa kingamwili ukiwa umetulia, na zinaweza pia kuambatana na mlipuko wa kweli wa ugonjwa. Hali hizi mbili hutibiwa tofauti, kwa hiyo lazima daftari lako lizitenganishe.

Mwongozo huu unachukua mizunguko mitatu ya hedhi. Hakuna njia ya mkato.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la miraba, lile la hesabu la watoto wa shule. Miraba inakuokoa kupiga mistari kila siku.
- Kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.
- Kalenda ya ukutani au ya simu.
- Pete moja inayokaa vizuri kidoleni wakati mikono haijavimba. Hata ya bei rahisi inafaa. Kama tatizo lako haligusi viungo vya mikono, iache.
- Pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizonunua kemisti bila kuandikiwa na daktari. Kama ulipewa vidonge kwenye karatasi ya kaki bila jina, rudi ukaulize jina na nguvu yake. Wakikataa kukuambia, usizimeze tena mpaka daktari azione. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo huwa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe.
- Kengele ya simu, saa ile ile kila jioni.
- Kipimajoto cha mdomoni, ukitaka. Si lazima.

Programu za simu za kuhesabu hedhi zinafaa kwa kukumbusha tarehe, ila zina tabia ya kukisia. Zinakuchorea siku ya yai kana kwamba zimeiona. Kisio si kumbukumbu, na daktari hawezi kukifanyia kazi.

Kuhusu faragha: ukiishi chumba kimoja na watu wengine, tumia herufi badala ya maneno. D iwe damu, M maumivu, U uvimbe. Atakayelifungua ataona hesabu tu.

## Hali zisizosubiri daftari

Usianze kuandika kama una mojawapo ya haya. Nenda hospitali leo, hata usiku:

- Pedi inajaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au damu inakuja na kizunguzungu.
- Hedhi imechelewa, kisha tumbo la chini likauma vikali au ukazirai. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi.
- Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto, nawe una homa.
- Kifua kinauma au pumzi inakatika, hasa kama una seli mundu au lupasi.
- Una lupasi na mkojo umekuwa na povu, au uso na miguu imevimba.
- Kichwa kimeanza kuuma ghafla na vikali kwa namna hujawahi kuiona, au upande mmoja wa uso au mkono umelegea.

Na onyo moja kwa miezi yote mitatu: usipunguze, usiongeze wala usiache dawa yako ili uone daftari litasemaje. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ikiachwa ghafla baada ya kutumiwa kwa wiki kadhaa inaweza kukuangusha vibaya, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha.

## Hatua ya 1: Tafuta siku ya 1 yako

Siku ya 1 ni siku ya kwanza ya damu kamili, ile inayohitaji pedi. Matone ya hudhurungi ya siku moja au mbili kabla yake hayahesabiwi. Yaandike kwa nukta tu. Wengi huanza kuhesabu siku damu inapokatika, na hapo hesabu yote husogea karibu wiki nzima.

Andika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu. Siku inayofuata ni ya 2, na kuendelea hadi damu ya mwezi ujao, ambapo unarudi kwenye 1. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Si lazima uwe 28.

Uzazi wa mpango hubadilisha hesabu, na hapa ndipo madaftari mengi ya Nairobi yanapoharibika:

Kama umemeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba), iandike siku ile ile. Inaweza kuleta hedhi mapema au kuichelewesha kwa siku kadhaa. Mzunguko huo uandike kama kawaida, ila usiutumie kulinganisha. Ongeza mwingine badala yake.

Kama unatumia vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili, damu unayoona mwisho wa pakiti si hedhi ya asili. Inatokana na kukatika kwa homoni unapofikia vile vidonge vya rangi tofauti. Weka alama siku unayoanza vidonge hivyo, kwa sababu ndiyo siku estrojeni, mojawapo ya homoni hizo mbili, inaposhuka mwilini.

Kama uko kwenye sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi au koili yenye homoni na huoni damu, bado andika. Fuata tarehe za kalenda, na uandike siku ya sindano. Wapo ambao maumivu yao hurudi wiki za mwisho kabla ya sindano inayofuata, na hilo ni jambo daktari anataka kulijua.

Hatua hii imefaulu ukiweza kujibu mara moja, bila kuhesabu vidole, leo ni siku yako ya ngapi.

## Hatua ya 2: Chagua mambo manne, usizidishe

Mwenye kuandika mambo kumi na mawili kila jioni huchoka kabla ya wiki mbili kwisha. Chagua manne yanayolingana na ugonjwa wako, na angalau moja liwe kitu kinachoonekana au kupimika, si kuhisiwa tu.

Maumivu, alama 0 hadi 10. Kila mtu ana kumi yake, kwa hiyo zifunge alama kwenye shughuli zako. Mfano wa kuanzia: 0 ni hakuna kitu. 3, unahisi lakini unafanya kazi zote. 5, umeacha jambo moja, labda umemwachia mwingine ndoo ya maji. 7, huwezi kukamua nguo wala kushikilia chuma cha matatu ukiwa umesimama. 9 au 10, hutoki kitandani. Andika tafsiri hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na usizibadilishe katikati.

Ukakamavu wa asubuhi, kwa dakika. Hesabu kutoka unapoamka hadi vidole au magoti yanapolainika. Dakika kumi na saa nzima ni habari mbili tofauti. Viungo vinavyobaki vigumu kwa nusu saa au zaidi kila asubuhi humfanya daktari afikirie uvimbe wa ndani, si uchovu wa misuli peke yake.

Uvimbe. Hapa ndipo pete inapofanya kazi. Ijaribu asubuhi kwenye kidole kile kile, uandike inapita, inakwama, au haipiti. Ukiweza, piga picha ya mikono juu ya meza, mahali pale pale penye mwanga. Kumbuka kwamba mwili wa wanawake wengi huhifadhi maji kidogo kabla ya hedhi, na hapo vidole vyote hujaa sawasawa. Uvimbe wa ugonjwa hupenda viungo fulani, ambavyo huuma vikibonyezwa, na mara nyingi huwa na joto.

Uchovu, 0 hadi 10, kwa njia ile ile ya maumivu.

Mwenye kipandauso abadilishe uvimbe kwa saa ambazo kichwa kiliuma, na aandike kama aliona mwanga unaometa au mistari kabla ya kichwa kuanza. Mwenye seli mundu aandike maumivu yameanzia wapi, kifua, mgongo au mifupa ya miguu, na maji aliyokunywa siku hiyo. Mwenye lupasi aongeze vipele, vidonda vya mdomo na homa. Anayeshuku endometriosisi (tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake) aandike maumivu ya kwenda choo na ya tendo la ndoa. Naelewa haya hayaandikiki kwa raha, lakini ndiyo humfanya daktari wa wanawake ainue kichwa.

## Hatua ya 3: Jaza kila jioni, hasa siku ambazo huumwi

Kengele ikilia, jaza mstari mmoja: tarehe, siku ya mzunguko, alama nne, dawa ulizomeza. Dakika mbili zinatosha. Ukisahau siku moja, acha pengo. Usijaze kwa kukumbuka Jumapili ya wiki nzima, maana kumbukumbu huvutwa na siku mbaya.

Andika dawa za maumivu kwa jina na idadi. Sababu ya kwanza ni kwamba dawa hushusha alama: siku ya 4/10 ukiwa na vidonge viwili si sawa na 4/10 bila kidonge. Ya pili ni usalama. Brufen, Ponstan na diklofenaki ni za familia moja, na kuzichanganya siku moja hakuongezi nafuu kama kunavyoongeza hatari kwa tumbo na figo. Ya tatu ni kwa wenye maumivu ya kichwa: dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, zenyewe zinaweza kuwa chanzo cha kichwa cha kila siku.

Mwisho wa mstari acha nafasi ya jambo la pembeni. Neno moja latosha: kufua, baridi, kukesha, mafua, kufunga, ugomvi, safari. Wengi huliruka hili, na ndilo linalookoa daftari zima. Sikiliza kwa nini.

Mwenye mzunguko wa siku 28 ana wiki nne kamili. Maana yake, kama hedhi yako huanza Jumatatu na wewe hufua Jumamosi, basi Jumamosi ya kufua itaangukia siku ya 6, 13, 20 na 27 mwezi baada ya mwezi. Mikono itauma siku ya 27 kila mwezi, na wewe utaapa kwamba ni hedhi inayokuja. Angalia Jumamosi nyingine tatu. Kama zote zinauma sawa, mkosaji ni beseni. Kama ya siku ya 27 inauma maradufu, homoni zina mkono wao hapo.

Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, iko hivyo hivyo. Humezwa mara moja kwa wiki, na wengi husikia kichefuchefu na uchovu siku inayofuata. Zungushia siku hiyo duara, usije ukailaumu hedhi kwa kazi ya kidonge.

Baridi ya Nairobi nayo ina ratiba yake. Ukianza daftari Mei, mizunguko yako mitatu itaingia moja kwa moja kwenye Juni na Julai, wakati viungo vya watu wengi hulalamika bila kujali jinsia. Hii haikuzuii kuanza. Andika tu neno baridi siku ambazo asubuhi ilikuwa kali.

Hatua hii imefaulu ukiwa na siku za alama 1 na 2 zilizoandikwa. Daftari lisilo na siku nzuri hata moja katika mwezi mzima ama lina mizani mbovu ya alama, ama linaonyesha mtu ambaye ugonjwa wake haujadhibitiwa. Wa pili huyo asisubiri mizunguko mitatu. Apeleke mwezi mmoja alio nao.

## Hatua ya 4: Tafuta siku za yai kwa kuhesabu kinyumenyume

Usihesabu siku 14 kutoka mwanzo wa hedhi, isipokuwa mzunguko wako ni wa siku 28. Kinachobadilika sana kati ya mwanamke na mwanamke ni nusu ya kwanza, kabla yai halijapevuka. Nusu ya pili huwa karibu wiki mbili kwa wengi. Kwa hiyo subiri hedhi ijayo ifike, kisha rudi nyuma siku 14.

Mfano: hedhi ilianza tarehe 3 Machi, na iliyofuata 5 Aprili. Huo ni mzunguko wa siku 33. Rudi nyuma siku 14 kutoka 5 Aprili, unapata 22 Machi, ambayo ni siku ya 20 ya mzunguko. Aliyehesabu 14 kutoka mwanzo angesema 16 Machi, akakosea kwa karibu wiki.

Mwenye kipimajoto apime kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Baada ya yai kutoka, joto hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na kubaki juu hadi hedhi. Ukifanya kazi zamu za usiku, usijisumbue nacho. Usingizi wa mchana huvuruga vipimo.

## Hatua ya 5: Gawa mzunguko vipande vinne

Baada ya mizunguko mitatu, gawa kila mmoja hivi:

1. Siku za damu: siku ya 1 hadi ya 5.
2. Baada ya damu: siku ya 6 hadi yai linapokaribia.
3. Siku za yai na zinazofuata: kuanzia siku 15 kabla ya hedhi ijayo hadi siku 8 kabla yake.
4. Wiki ya mwisho: siku 7 kabla ya hedhi ijayo.

Mzunguko wa siku 28 unakupa 1–5, 6–13, 14–21 na 22–28. Ule wa siku 33 unakupa 1–5, 6–18, 19–26 na 27–33.

Mgawanyo huu unafuata homoni. Estrojeni hupanda katika kipande cha pili na kufika kilele kabla tu ya yai kutoka. Kisha projesteroni hushika usukani pamoja na estrojeni kiasi. Wiki ya mwisho zote mbili zinashuka. Siku za damu zenyewe zina mhusika mwingine: kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukaza misuli ya kizazi. Baadhi huingia kwenye damu na kuligusa tumbo lote, ndiyo maana wengi huharisha siku ya kwanza.

Sasa jumlisha alama za maumivu za kila kipande, gawa kwa idadi ya siku. Tuseme wiki ya mwisho umeandika 5, 6, 6, 7, 7, 6, 5. Jumla 42, gawa kwa 7, wastani 6. Kipande cha pili umeandika 3, 2, 3, 3, 2, 4, 3, 4. Jumla 24, gawa kwa 8, wastani 3. Tofauti ni alama 3. Tofauti ya alama 2 au zaidi ndiyo ambayo kwa kawaida mtu huihisi katika maisha ya kila siku. Chini ya hapo usijenge hoja.

Kisha uliza kama imejirudia. Madaktari wa kichwa wana kanuni nzuri ambayo naikopa kwa maumivu mengine pia: kipandauso huhesabiwa kuwa cha hedhi kikitokea kati ya siku mbili kabla ya damu na siku ya 3 ya damu, katika angalau mizunguko miwili kati ya mitatu. Mwezi mmoja mbaya ni bahati mbaya. Miwili kati ya mitatu ni ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia.

## Hatua ya 6: Soma ruwaza yako bila kujidanganya

Rudia hesabu ile ile kwa ukakamavu wa asubuhi, na tazama safu ya pete. Halafu zilinganishe na maumivu.

Maumivu yanapanda wiki ya mwisho, lakini uvimbe na ukakamavu uko pale pale. Hii ndiyo ruwaza ninayokutana nayo zaidi kwa wenye baridi yabisi na lupasi iliyotulia. Homoni zinaposhuka, usingizi huharibika na neva huwa nyepesi kuhisi. Huna sababu ya kudhani ugonjwa umelipuka, na mara nyingi jibu si steroidi zaidi.

Vyote vinapanda pamoja: maumivu, dakika za ukakamavu, viungo vyenye joto, vipele au homa. Hapa kinga ya mwili yenyewe inashukiwa. Omba kuonwa wakati huo huo wa mzunguko, wakati uvimbe upo, kwa sababu ukifika kliniki wiki mbili baadaye mikono imekuwa mizuri na hakuna atakachoshika.

Uchovu unaoanza baada ya damu na kudumu. Wenye lupasi huuita mlipuko, na huenda si mlipuko. Kama hedhi yako ni nzito, ya zaidi ya siku saba au yenye mabonge makubwa, shuku upungufu wa damu kwanza. Omba kipimo cha hemoglobini na cha akiba ya madini ya chuma kiitwacho feritini. Hemoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba ikiwa imekwisha.

Tumbo la chini, mgongo, choo na tendo la ndoa, vyote vikizunguka siku za damu. Fikiria endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria inagusa karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Picha ya ultrasaundi ikiwa safi haimaanishi huna. Vidonda vidogo havionekani humo. Na asikwambie mtu kwamba ukizaa itaisha.

Maumivu ya mifupa kwa mwenye seli mundu karibu na hedhi. Ruwaza hii inajulikana kitabibu, na ina hatua za kuchukua, kama utakavyoona hapa chini. Wakati huo, ongeza maji na mavazi ya joto siku chache kabla ya tarehe.

Hakuna ruwaza. Hili nalo ni jibu, na lina thamani kubwa. Limekupa silaha dhidi ya yeyote atakayekupungia mkono akisema ni homoni tu. Maumivu yasiyojali tarehe yanahitaji kutafutiwa chanzo kingine.

## Hatua ya 7: Punguza yote kuwa ukurasa mmoja

Usimkabidhi daktari daftari. Ana dakika chache na foleni nje. Kwenye karatasi moja andika: urefu wa mizunguko mitatu, wastani wa maumivu kwa vipande vinne, dakika za ukakamavu kwa vipande hivyo hivyo, siku za uvimbe, idadi ya siku ulizomeza dawa za maumivu, na njia ya uzazi wa mpango. Chini yake andika swali moja unalotaka lijibiwe. Daftari libaki kwenye mkoba kama ushahidi. Ukienda kliniki ya rufaa, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH) au kwingine, beba pia barua ya rufaa na majibu ya zamani ya maabara.

Maswali yenye faida, kulingana na ruwaza:

Kwa maumivu yenye tarehe inayotabirika: je, naweza kuanza dawa ya maumivu siku moja au mbili kabla, badala ya kusubiri yapande? Dawa za familia ya Brufen huzuia utengenezwaji wa prostaglandini, kwa hiyo zikitangulia hufanya kazi vizuri kuliko zikifuata. Lakini zina hatari kwa mwenye lupasi iliyogusa figo, mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au pumu fulani, na zinahitaji uangalizi ukiwa kwenye methotreksati. Usianze ratiba hii peke yako.

Kwa kipandauso, endometriosisi au seli mundu: je, kuna njia ya homoni ya kutuliza mzunguko? Kwa seli mundu, sindano ya miezi mitatu imeonekana kupunguza vipindi vya maumivu kwa baadhi ya wanawake. Ila mwambie daktari kabla hajaandika chochote kama huona mwanga unaometa kabla ya kichwa, kama umewahi kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, au kama una lupasi yenye kingamwili za kugandisha damu. Njia zenye estrojeni haziruhusiwi kwako, hata kama jirani yako zimemponya.

Kwa mwenye methotreksati, leflunomidi au mikofenolati: njia yangu ya uzazi wa mpango inatosha? Dawa hizi humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hedhi ikichelewa usisubiri mwezi mzima kupima mimba.

Jambo la mwisho linahusu maabara. Mwenye lupasi hupimwa mkojo mara kwa mara kutafuta damu na protini zinazoonyesha figo zimeguswa. Ukitoa mkojo ukiwa kwenye hedhi, damu ya hedhi huingia kwenye chupa na majibu hutisha bure, halafu unarudishwa kulipia kipimo kingine. Linganisha tarehe ya kliniki na daftari lako. Ikiangukia siku ya 1 hadi ya 5, omba kupeleka mkojo wiki inayofuata. Ikishindikana, mwambie mhudumu wa maabara na aandike kwenye fomu kwamba uko kwenye hedhi. Lakini kama una dalili za figo nilizotaja juu, nenda siku hiyo hiyo, hedhi au hakuna hedhi.

Ukibadilishiwa dawa, anza ukurasa mpya siku ile ile, kwa mizani ile ile ya alama. Mizunguko mitatu mingine ndiyo itakayokuonyesha kama dawa mpya inafanya kazi wiki ya mwisho, au inafanya kazi zile wiki ambazo hata hapo awali hukuwa unaumwa.